Karatasi Inayomfuata Mtu
Kumbukumbu za watu wenye ulemavu wanaofundishwa kazi katika mitaa ya mashariki ya Nairobi

Asubuhi na mapema, kabla jua halijawa kali, barabara ya Jogoo hujaa watu waendao kwa miguu. Watokao Makongeni, Kaloleni, Mbotela na Jericho huelekea Industrial Area, wengine kuingia zamu, wengine kusimama mlangoni mwa kiwanda na kungoja kuitwa. Wale wa Kayole, Dandora na Umoja hutoka mbali zaidi, na aghalabu hulazimika kupanda matatu. Viwanda hivyo vimewalisha watu wengi wa mitaa ya mashariki kwa miaka mingi. Vimewajeruhi wengine pia: mashine ya kukata bati haitofautishi bati na kidole.

Katika Industrial Area hiyo hiyo kipo kituo cha Serikali ambacho watu wenye ulemavu hufundishwa kazi za mikono. Ni kimoja katika vituo 12 vya namna hiyo vilivyoko Kenya, na mpango wenyewe una asili yake katika Waraka wa Serikali Namba 5 wa mwaka 1968. Watu wakisikia habari za kituo kama hiki hufikiri mara moja juu ya cherehani, randa, ngozi na vyuma vya kuchomelea. Hawakosei. Lakini kuna kazi nyingine ambayo haionekani kwa mgeni anayetembezwa karakanani, nayo ni kazi ya kusema na mtu vizuri, kuandika aliyoyasema, kuyahifadhi maandishi hayo, na kuyapeleka yanapohitajika. Kazi hiyo ikiharibika, randa na cherehani havimfikishi mwanafunzi mbali.

Shirika la Kazi la Kimataifa liliyajua mambo haya zamani. Katika mwaka 1955 lilitoa Pendekezo Namba 99 kuhusu kuwarudisha kazini watu wenye ulemavu, na humo likataja hatua za kumwongoza mtu katika kuchagua kazi. Hatua ya kwanza ni mazungumzo baina yake na afisa. Ya pili ni kuangalia maandishi ya kazi alizopata kufanya. Ya tatu ni kuangalia maandishi ya elimu na mafunzo yake. Ndipo yanapofuata mambo ya daktari, majaribio ya uwezo, na habari za nyumbani kwake. Msomaji ataona kwamba hatua tatu zimekwisha kupita na hakuna aliyegusa nyundo bado. Zote ni maneno na karatasi.

Lakini mitaa ya mashariki ya Nairobi ina historia yake na karatasi, na mtu asiyeijua historia hiyo hataelewa kwa nini mzee wa Bahati au Pumwani hunyamaza ghafla anapomwona afisa akifungua daftari.

Jina la Kariokor lenyewe ni ushahidi. Limetokana na jeshi la wachukuzi wa mizigo wa Vita Kuu ya kwanza, ambao Waingereza waliwaita “Carrier Corps”. Makumi ya maelfu ya wachukuzi hao walikufa, wengi kwa maradhi na njaa kuliko risasi. Oscar Watkins, aliyekuwa msimamizi wao, alijitahidi kuwaandikisha kwa alama za vidole na kuwapa vibati vya kuwatambulisha, lakini vita vilipokwisha ilionekana kwamba mishahara ya wengi waliokufa haikuwafikia jamaa zao. Sababu zilikuwa nyingi, na mojawapo ilikuwa maandishi. Mtu mmoja aliandikwa jina moja huku na jina jingine kule. Kijiji chake kiliandikwa kwa namna isiyoweza kutambulika. Jina la baba halikuulizwa. Fedha zilikuwapo vitabuni, na mjane alikuwapo kijijini, lakini wino haukuwakutanisha.

Baada ya hapo kikaja kipande. Sheria yake ilipitishwa mwaka 1915 na kuanza kutumika vita vilipokwisha. Kila mwanamume Mwafrika aliyepita umri wa miaka 16 alipaswa kuchukua karatasi yenye jina lake, alama za vidole, jina la mwajiri, mshahara, na siku ya kuingia na kutoka kazini, akaitia katika kibati cha kuning’iniza shingoni. Mwajiri asipotia sahihi ya kumwachilia, mtu huyo hakuweza kuandikwa kazi mahali pengine kihalali. Harry Thuku na wenzake walikipinga kipande katika miaka ya 1921 na 1922, na hakikuondolewa mpaka mwishoni mwa miaka ya 1940. Tena, tarehe 24 Aprili 1954 ilipoanza Operesheni Anvil, mitaa ya mashariki ilizingirwa na askari, watu wakatolewa nyumbani na kuchujwa kwa maelfu, na karatasi ya mtu ndiyo iliyotazamwa kwanza. Walioonekana kuwa wa kutiliwa shaka walipelekwa kambini, na kazi ya kambi hizo, ajabu ya mambo, iliitwa kwa neno lile lile la Kiingereza ambalo leo hutumika kwa kumfundisha useremala kijana aliyepoteza mguu.

Basi watu wa mitaa hii wameonja mabaya mawili. Wachukuzi waliandikwa vibaya na haki zao zikapotea. Wenye kipande waliandikwa sana, tena yaliyoandikwa hawakuwa na uwezo wa kuyabadili. Afisa wa ustawi wa jamii anayefungua faili jipya leo, hata akiwa kijana aliyezaliwa juzi, ameketi juu ya historia hiyo. Hana budi kuonyesha kwamba faili lake halifanani na hayo mawili.

Chukua mfano wa mtu wa Makongeni aliyekatwa vidole vitatu vya mkono wa kulia na mashine kiwandani. Mtu huyo atapita mikononi mwa watu wengi kabla hajashika chombo tena. Mwajiri ana karatasi yake. Hospitali ina yake. Kwa Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini ya mwaka 2007, mwajiri apaswa kumpelekea Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini taarifa ya ajali katika siku 7 tangu kupata habari, na katika saa 24 ikiwa mtu amekufa. Na madai ya fidia yapaswa kuletwa katika miezi 12. Daktari hupima na kuandika kiasi cha ulemavu kwa sehemu ya mia. Akitaka kuandikishwa katika Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, ambalo liliundwa kufuatana na sheria ya mwaka 2003, atahitaji tena karatasi ya daktari. Halafu kituo cha mafunzo nacho kinafungua faili lake. Na akimaliza mafunzo, mtihani wa ufundi wa daraja la tatu una karatasi zake katika Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwanda.

Huyu ni mtu mmoja mwenye mafaili sita au saba, na kila faili linamjua nusu. Hospitali inajua mkono wake lakini haijui kwamba alikuwa fundi wa mashine kwa miaka mingi. Kituo kinajua kwamba anataka kazi, lakini hakijui kwamba daktari aliandika asishike vitu vya baridi kali kwa kuwa vidole vilivyokatika huuma. Mwajiri anajua tarehe ya ajali, na pengine angependa isijulikane. Katika hali hiyo mtu mwenyewe hugeuka kuwa tarishi wa habari zake. Hubeba mfuko wa nailoni wenye picha za eksirei, risiti na nakala za kitambulisho, akihadithia habari ile ile kwa kila meza. Siku moja mfuko unanyeshewa.

Dawa yake si ngumu, ingawa inataka uangalifu. Faili la kituo liwe na ukurasa wa kwanza ambao unaonyesha ni nani mwingine ana maandishi juu ya mtu huyu, na nambari za maandishi hayo. Jina liandikwe kama lilivyo katika kitambulisho, na kando yake majina mengine ambayo watu humwita mtaani, kwa sababu katika Dandora au Kariobangi ukimwuliza mtu kwa jina la kitambulisho huenda jirani wa mlango wa pili asimfahamu. Anwani ya posta haitoshi, na nambari ya simu haitoshi, maana laini hubadilishwa na nyumba huhamwa kodi ikipanda. Yafaa kuandika jina la ploti, jina la msimamizi wake, kanisa au msikiti anaosali, na jamaa mmoja wa shambani asiyehama. Mambo haya yangalikuwamo katika vitabu vya mwaka 1917, wajane wengi wangalilipwa.

Sasa yaja maandishi yenyewe ya kila siku, na hapa ndipo penye utata mkubwa kuliko pengine pote.

Yafikirie maandishi mawili juu ya kijana mmoja wa Kayole anayetumia kiti cha magurudumu. La kwanza lasema: “Mwanafunzi hana bidii. Huchelewa. Ameonywa.” La pili lasema: “Jumanne amefika saa tatu na robo, darasa laanza saa mbili. Asema matatu tatu zilikataa kumchukua kwa ajili ya kiti, na ya nne ilimtoza nauli ya watu wawili. Tumekubaliana kwamba wiki hii ataanza saa tatu na kumaliza saa kumi na moja. Afisa ataulizia chumba karibu na kituo kabla ya Ijumaa.” Maandishi yote mawili yamesema kwamba amechelewa. La kwanza limefunga mlango, na afisa mwingine atakayelisoma mwaka ujao atamjua kijana huyo kuwa mvivu, asijue la kufanya ila kumwonya tena. La pili laonyesha kilichotokea, nani amesema, nini kimekubaliwa, nani atatenda, na lini. Tena lina faida ambayo watu hawaifikirii: kama wanafunzi watano wameandikwa hivyo katika muhula mmoja, mkuu wa kituo ana ushahidi wa kupeleka mbele kuomba gari au mabweni zaidi. Neno “mvivu” likiandikwa mara tano haliombi kitu.

Kuna maafisa wanaosema kwamba hawana nafasi ya kuandika namna hiyo, wanafunzi wakiwa wengi na karatasi chache. Malalamiko yao ni ya kweli. Lakini aandikaye siku ile ile mistari minne huandika upesi kuliko yule anayengoja mwisho wa mwezi na kukaa akikuna kichwa akijaribu kukumbuka Jumanne ya tarehe 7 ilikuwaje. Maandishi ya kukumbuka mwisho wa mwezi yana ugonjwa mmoja: hufanana yote. Kila mwanafunzi “anaendelea vizuri”.

Lugha nayo ina mitego yake. Nairobi ya mashariki ndiyo iliyozaa Sheng, na vijana wengi wanaofika kituoni husema Sheng au Kiswahili cha mjini, huku faili likiandikwa kwa Kiingereza. Kijana akisema, “Hii mkono inanisumbua, wacha kwanza,” maana yake ni kwamba asubiriwe kidogo maumivu yapungue. Afisa aliyekulia mbali akiandika kwa Kiingereza kwamba mwanafunzi ameomba kuachishwa mafunzo, atakuwa amemfukuza kwa kalamu bila kujua. Jambo lililo salama ni kuyaandika maneno ya mtu mwenyewe kama alivyoyasema, pale yanapohusu maumivu, matakwa au makubaliano, kisha tafsiri ikafuata chini yake.

Kwa viziwi jambo hili ni zito zaidi. Katiba ya mwaka 2010 imeagiza Serikali kuikuza Lugha ya Ishara ya Kenya pamoja na maandishi ya nukta nundu ya vipofu, lakini katika ofisi nyingi mkalimani hapatikani kila siku. Basi kijana kiziwi huja na kaka yake, na kaka ndiye anayejibu. Anapenda kazi gani? “Ushonaji,” asema kaka, kwa kuwa shangazi ana cherehani isiyotumika. Faili likaandikwa “ushonaji”, na miezi kadhaa ikapita kijana akishona suruali zisizokaa sawa, hali tangu utoto amekuwa akifungua redio na kuzifunga. Kosa si la kaka, alijibu alivyoulizwa. Faili lilipaswa kuonyesha kwamba aliyejibu ni kaka, na kwamba mwanafunzi mwenyewe bado hajaulizwa kwa lugha anayoielewa. Kadhalika asiyeona asomewe kwa sauti yaliyoandikwa juu yake kabla ya kutia dole gumba. Kutia dole gumba bila kujua ni kurudi katika siku za kipande.

Habari hii ya mtu kuyajua yaliyoandikwa juu yake haikuachwa kwa hiari ya afisa. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 imempa mtu haki ya kuambiwa habari zake zinatumiwa kwa kazi gani, haki ya kuziona, na haki ya kutaka zisahihishwe zikiwa na makosa. Habari za afya zimehesabiwa miongoni mwa zile zinazohitaji kulindwa zaidi. Mtu wa mwaka 1925 hakuweza kumwambia bwana wake, “Neno hili uliloliandika katika kipande changu si kweli, lifute.” Mwanafunzi wa leo aweza kusema hivyo juu ya faili lake, na sheria inamsikiliza. Tofauti hii ni kubwa, ila wanafunzi wengi hawajaambiwa kwamba wanayo haki hiyo, na mabango ya ukutani yaliyoandikwa kwa Kiingereza cha mawakili hayawasaidii.

Kwa sababu hiyo karatasi za daktari zisikae pamoja na karatasi za karakana. Mwalimu wa useremala anayemfundisha mtu mwenye kifafa anahitaji kujua mambo machache sana: asimweke peke yake penye msumeno wa umeme, na kifafa kikimshika amlaze ubavu, aondoe vyombo vilivyo karibu, asimtie kitu mdomoni. Hahitaji kujua kwamba mtu huyo aliwahi kulazwa Mathari, wala kwamba mkewe alimwacha. Mambo hayo yakiwa katika faili linalolala mezani, kabla ya chai ya saa nne karakana nzima imeyajua, na baada ya juma moja mtaa mzima. Wapo watu ambao wameacha mafunzo si kwa kushindwa na kazi bali kwa kushindwa na macho ya wenzao.

Mwajiri naye aambiwe nini? Mafundi wa Kamukunji, wale ambao Rais Moi aliwatembelea mwaka 1985 na kuagiza wajengewe vibanda vya kuwakinga na jua, si watu wa kupokea barua ndefu zenye muhuri. Fundi wa Kamukunji anataka mtu aje, asimame, apige kelele kushinda mlio wa nyundo, amweleze: kijana huyu anajua kukunja bati, anajua kupima, mkono wake mmoja hauna nguvu ya kuinua, kwa hiyo afanye kazi ya mezani. Yatosha. Baadaye aachiwe kikaratasi kimoja chenye nambari ya simu ya afisa, kwa maana shida ya kwanza itatokea wiki ya pili, na asipokuwa na wa kumpigia atamwondoa kijana kimya kimya. Hali ni hiyo hiyo kwa washonaji wa Soko la Uhuru, watengenezaji wa viatu vya ngozi wa Kariokor, na wenye karakana za Kariobangi Light Industries. Kabla ya kusema lolote juu ya ugonjwa au ulemavu usioonekana, mwanafunzi aulizwe kama anakubali lisemwe, na jibu lake liandikwe na tarehe yake.

Hesabu ya watu ya mwaka 2019 ilionyesha kwamba asilimia 2.2 ya Wakenya wenye umri wa miaka 5 na zaidi wana ulemavu, nao ni watu zaidi ya laki tisa. Viti katika vituo 12 ni vichache mno kwa umati huo. Kwa hiyo kila anayepata nafasi kisha akapotea bila kazi amepoteza nafasi mbili, yake na ya yule aliyekataliwa. Na wengi hupotea baada ya kuhitimu. Siku ya kupewa cheti picha hupigwa, faili hufungwa kwa kamba, huwekwa juu ya kabati. Miezi sita baadaye hakuna ajuaye kama fundi yule mpya wa viatu anashona viatu au anauza maji katika foleni ya magari.

Faili halifai kufungwa siku ya cheti. Lina kurasa ambazo haziwezi kuandikwa mpaka mtu awe kazini: mwezi wa kwanza, mwezi wa tatu, mwezi wa sita, na mwaka. Maswali ni machache. Je, bado yupo kazini? Analipwa kwa siku au kwa kila kipande cha kazi? Chombo gani kinamshinda? Amepata vyombo vyake mwenyewe au anaazima? Majibu aghalabu hupatikana kwa kwenda, si kwa simu. Afisa anayekwenda Kariokor alasiri na kumkuta mwanafunzi wake wa zamani ameinama juu ya soli, gundi mkononi, hujua katika dakika tano mambo ambayo fomu ya kurasa nne isingemwambia. Huona kwamba benchi ni la juu mno kwa mtu mwenye mguu mmoja. Huuliza ni nani mwenye benchi. Kisha hutoa kalamu, akaandika tarehe, akaandika urefu wa benchi, na kumsomea mwenyewe alichoandika, naye akasahihisha: si benchi tu, hata taa iko mbali.